Mstari Haurudiwi

Wako wanaopenda kwa macho, wako wanaopenda kwa mfuko, na wako ambao hawajui walipendea nini mpaka uzee unawakuta bado wanajiuliza. Taratibu alijua. Alimpenda Plasta siku alipomwona akijikata, na damu ikakoma.

Siku hiyo alikuwa ameingia kwenye karakana ya vioo na picha za studio kwapani, picha za maharusi na za wahitimu, azipeleke zikatiwe fremu. Kijana mmoja akageuka kumtazama, akasahau kwamba mkononi ana kipande cha kioo, na kioo hakimsamehe anayesahau. Kidole kikachanika. Taratibu akapiga yowe, picha za watu zikatapakaa sakafuni.

"Dada, ni kidole tu," kijana alisema akicheka. "Ninavyo vingine."

Akakinyonya, akakifunga kwa plasta aliyoichomoa mfuko wa shati. Alikuwa na plasta kila mfuko, ndiyo maana hata mama yake mzazi alishaacha kumwita jina lake. Wakaokota picha pamoja, wakabishana kama fremu ya dhahabu inamfaa bwana harusi mwenye uso mpana vile, na walipomaliza kubishana Plasta akaibandua ile plasta kutazama. Pakavu. Kamstari kekundu tu, kembamba kama uzi.

Taratibu alikitazama kile kidole kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

"Imekoma?"

"Ulitaka ifanye nini? Ihamie hapa?"

Akacheka, naye Taratibu akacheka, na kucheka kule ndiko kulikomponza. Maana damu yake yeye haikuwa na adabu hiyo. Ikishatoka ilisahau njia ya kurudi nyumbani.

Hayo yalikuwa ya mwaka uliopita. Siku ninayoisimulia, Taratibu alikuwa ameketi kwenye kigoda chumbani kwa mama yake, anasukwa nywele, tayari kwenda kutambulishwa kwa watu wa Plasta.

"Usiseme," mama yake alimwambia, midomo imebana pini za nywele. "Uliza chochote, jibu chochote, lakini lile usiliseme."

"Mama, nitakata kioo. Mbele yao wote. Mikono mitupu."

Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile peke yake, wala majirani zao hawakuifuata. Kila bibi harusi aliyeingia ukoo wa wale mafundi alikata mwenyewe kioo atakachojitazama maisha yake yote ya ndoa. Alitumia almasi ya babu, kile kikalamu chenye ncha ya almasi kinachochora kioo, na glovu hazikuruhusiwa. Kikimchanja kidogo watu wanapiga vigelegele, wanasema kioo kimemwonja, basi kimemkubali. Plasta alimsimulia habari hiyo huku anacheka mpaka machozi. Hakuona mwenzake alivyobadilika rangi. Au aliona, akadhani ni haya.

"Basi kata pole pole," mama alisema. "Hilo jina ulipewa la nini?"

"Daktari alisema sibebi ugonjwa tu. Alisema naumwa."

"Daktari yupi? Yule msichana mwenye miwani? Amezaa wangapi?" Mama akavuta msuko kwa nguvu. "Ugonjwa ule ni wa wanaume. Ulimchukua kaka yako, ukamaliza haja zake. Sisi wanawake tunabeba tu. Mzigo wa kichwani haumvunji aliyezoea."

"Na lile jino nililong'oa? Si nilivuja mpaka mkanibadilishia godoro?"

"Jino la kila mtu huvuja."

"Na kila mwezi je, mama? Zile siku ambazo nashindwa kwenda kazini..."

"Kila mwanamke ana mwezi wake! Unataka tutangaze redioni?"

Taratibu akainua macho. Ukutani palikuwa na picha ya kaka mtu, kijana mwenye meno ya mbele yaliyoachana, anamcheka mpiga picha. Aliteleza bafuni, akagonga kichwa. Akainuka, akawatania kwamba ukuta ndio umeumia, akaomba chai. Jua lilipozama hakuwa anamjua mama yake.

"Yule mwalimu aliyekuja kukuposa," mama alisema baadaye, sauti imeshuka. "Ulimwambia ukweli kabla chai yake haijapoa. Leo yuko wapi?"

"Ameoa."

"Ameoa nani?"

"Mama..."

"Sijauliza kwa ubaya. Nimekuuliza ameoa nani. Si wewe." Akachomeka pini ya mwisho, akamshika binti yake mabega, na mikono yake ilikuwa ya baridi. "Mimi nimeshamzika mmoja. Huyu aliyebaki nataka nimwoze. Usiseme."

*

Nyumba ya mafundi wa vioo na karakana yao vilikuwa kitu kimoja. Uliingia kwa mlango wa biashara, ukapita katikati ya vioo vilivyoegemezwa ukutani, virefu kuliko mtu, ndipo ukafika sebuleni. Mchana ule bati lilikuwa linatoa milio kwa joto. Taratibu alipovuka kizingiti alijiona amekuwa wengi. Kushoto yuko, kulia yuko, kila mmoja amevaa gauni lile lile la bluu na hofu ile ile.

Dada yake Plasta alimpokea mlangoni, akamdaka mkono kabla hajageuza shingo.

"Wifi! Karibu, karibu. Kumbe hata mwendo wako ni wa jina lako. Ungekuja na kobe angekusubiri njiani."

"Wifi, nimeogopa kuvunja."

"Hapa kila kitu kimeshavunjwa. Twende. Mama amekusubiri mpaka ameanza kukusema."

Plasta alikuwa amesimama nje, kwenye kona ya uzio, anampungia. Haikuwa salamu, alikuwa anamwita kwa haraka, kama mwenye neno. Taratibu alimwona, moyo ukamruka kama kawaida yake, akataka kurudi nyuma hatua chache tu. Wifi akacheka, akamvuta.

"Mtamaliza maisha mkitazamana. Njoo kwanza!"

Wakiwa katikati ya vioo, kimoja kikalia, kwaa! Ufa ukashuka kutoka juu mpaka chini bila mtu kukigusa. Taratibu akaruka, mkono kifuani.

"Joto hilo," wifi alisema. "Jua likizidi hujikata chenyewe."

"Hakuna kioo kinachojikata chenyewe," sauti ikajibu kutoka ndani. "Kilikuwa na ufa, kikauficha."

Huyo ndiye Mama Vioo, mjane aliyeishika karakana tangu mumewe alipofariki. Alikuwa mwembamba, mrefu, nywele nyeupe zimefungwa kitambaa, na mikono yake ilijaa alama za zamani zilizopona na kung'aa. Taratibu alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Inuka, magoti hayo usiyaweke chini hapa." Akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga kama anayekagua kioo kilicholetwa na gari. "Mzuri. Mwanangu alisema mzuri, nikadhani ni maneno ya watu wenye homa. Unakula vizuri? Mbona kope zako nyeupe kwa ndani?"

"Nakula, mama."

"Hm."

Wakanywa chai. Wakaulizana ya kwao na ya kwetu, nani ana undugu na nani, studio ya picha inalipa vizuri au inalipa salamu. Mama Vioo hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomtesa Taratibu. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi kumdanganya. Aliuliza kama ana ndugu.

"Nilikuwa na kaka."

"Pole sana. Alipatwa na nini?"

"Alianguka, mama."

Haikuwa uongo. Uongo mbaya kuliko wote ni ule uliotengenezwa kwa vipande vya ukweli. Mama Vioo akampapasa goti, akasema Mungu amlaze pema, kisha akainuka.

"Haya. Tukaone mkono."

*

Meza ya kukatia ilikuwa pana, imetandikwa blanketi kuukuu. Juu yake kililala kioo cha kujitazamia, uso juu, mgongo chini. Wanaume walitolewa nje.

"Hata mimi?" Plasta aliuliza mlangoni. Jasho lilikuwa linamtoka. "Mama, hata nisimame hapa tu?"

"Hata wewe. Mke wa fundi atabaki na vioo hivi peke yake, mumewe akiwa kwenye madirisha ya watu. Utamshika mkono mpaka lini? Toka."

"Neno moja tu nimwambie."

"Utamwambia usiku wa harusi. Toka!"

Wanawake wakacheka. Mlango ukafungwa.

Mama Vioo akakigonga kioo kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Akakunja uso. Akagonga tena.

"Vipi, mama?" wifi akauliza.

"Kama kinasita." Akasikiliza. "Labda ni masikio yangu. Haya, binti. Chovya almasi kwenye mafuta ya taa. Simamisha hivi. Ukianza usisimame, mkazo mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Utasikia kinachanika kama kitambaa kipya. Kisha unakisogeza ukingoni mwa meza, unabana huku na huku kwa vidole, unakikunja mara moja. Lakini mstari ni mmoja. Mstari haurudiwi."

"Ukirudiwa?"

"Kioo kinaacha kukusikiliza. Kinapasuka kinakotaka chenyewe."

Taratibu akaishika almasi. Ilikuwa nyepesi, mpini wa mbao umelainishwa na mikono ya watu waliokufa. Akainua macho. Ng'ambo ya dirisha Plasta alikuwa amebandika kiganja kwenye kioo, midomo inacheza bila sauti. Akainua kidole, akakipitisha hewani kwa wepesi, kama mtu anayegusa utando wa maziwa asiutoboe. Akatikisa kichwa. Akakipitisha tena.

Taratibu akadhani anatiwa moyo. Akamtabasamia. Jinsi alivyompenda mtu yule! Alipenda hata jasho lake, hata alivyokuwa hajui kutulia. Akajiona amesimama mbele ya kioo hiki hiki asubuhi fulani, Plasta nyuma yake anafunga vifungo vya shati. Kati yake na asubuhi hiyo palikuwa na mstari mmoja tu wa kuchora na neno moja la kunyamazia.

Kisha akakumbuka sauti ya daktari mwenye miwani, alivyovuta kiti akakaa karibu: *Kaka yako alikosa kabisa kitu kinachogandisha damu. Wewe unacho, lakini kidogo. Hemofilia haiulizi kama umevaa gauni. Usikubali kukatwa popote bila sisi kujua.*

"Mama," akasema.

Mama Vioo akamwangalia. Wifi akamwangalia. Shangazi wawili waliokaa kwenye benchi wakaacha kutafuna. 

"Sema, binti yangu."

Lilikuwa limefika ulimini. Angelitema, mambo yote haya yangekuwa hadithi nyingine. Lakini aliona kikombe cha yule mwalimu, chai ikifuka moshi, na kiti kitupu.

"Naomba maji ya kunywa."

Akaletewa, akanywa. Akainama.

Pale kwenye uso wa kioo aliona kama unywele umelala, mwembamba, ulionyooka mno kuwa unywele. Akaupuliza. Haukuondoka. Akasema ni kivuli. Rula ilikuwa imewekwa pale pale, sambamba. Akakaza almasi, akavuta.

Hakikulia kama kitambaa. Kilisaga, kama meno ya mtu anayeota vibaya.

Mama Vioo akainua kichwa ghafla. "Simama! Acha..."

Lakini Taratibu, aliyeambiwa asisimame, hakusimama. Alikuwa ameshakivuta ukingoni, ameshabana, ameshakunja. Kioo kikakimbia. Kilitoka nje ya mstari kama ng'ombe aliyeona nyoka, kikapasuka kwa mshazari kuelekea mkononi mwake, na kipande kirefu kikaingia kwenye nyama ya kiganja, pale chini ya dole gumba.

Hakulia. Alisimama akikitazama kiganja chake, kama mtu aliyeiona barua aliyokuwa anaisubiri.

"Kimemwonja!" shangazi mmoja akapaza sauti, na vigelegele vikapasua bati. "Kimemwonja! Wetu huyo!"

"Wifi umelipa kodi!" dada mtu akacheka, akichana kitambaa. "Leta mkono. Usiogope, kwetu hapa hii ni kama kupiga chafya."

Akachomoa kipande, akafunga. Kitambaa kikawa chekundu. Akachana kingine, akafunga juu yake. Nacho kikalowa.

Vigelegele vilikata kimoja kimoja, kama mataa ya mtaa umeme unapokwisha.

Plasta hakungoja kuruhusiwa. Aliingia na plasta zote za mifuko yake, akabandua kitambaa, akabandika moja. Ikateleza juu ya damu ikaanguka. Akabandika nyingine. Ikateleza.

"Inua mkono juu. Juu zaidi, mpenzi. Itakoma. Sasa hivi itakoma."

"Haitakoma," Taratibu akasema polepole.

"Kila kidonda kinakoma."

"Chako."

Mama Vioo alikuwa ameokota kipande mezani, amekiinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliposema, sauti yake haikuwa juu, lakini wote waligeuka.

"Hapa pana mistari miwili. Nani alipita kabla yake?"

Damu ilikuwa inadondoka kwenye blanketi.

"Nimeuliza."

"Mimi," Plasta akasema. "Asubuhi. Nilimchorea ili kiachie kwa urahisi. Nilikuwa nimwambie apitishe kwa juu juu tu, ajifanye. Nimemwita uzioni. Nimemwonyesha dirishani. Mama, nilijua anaogopa, sikutaka mumcheke."

"Fundi mzima! Unachora mstari kwa siri, unampa mtoto wa watu aurudie?"

"Nilitaka kumsaidia."

"Umemsaidia. Mtazame." Kisha akamgeukia Taratibu, na hapo macho yake yalikuwa ya mtu anayesikiliza kioo. "Na wewe ulikuwa unaomba maji, sio? Nawe una mstari gani uliouficha?"

Taratibu akamtazama Plasta. Mkono wake ulikuwa ndani ya mikono miwili ya kijana, anaubana, kucha zimekuwa nyeupe.

"Damu yangu haigandi vizuri," akasema. "Nimezaliwa nayo. Kaka yangu ndiyo iliyomuua. Watu husema ni ya wanaume, na mama yangu anasema hivyo, lakini mimi ninayo. Nilitakiwa niseme kabla sijashika almasi. Nilitakiwa niseme mwaka jana."

"Mwaka jana," Plasta akarudia, kama mtu anayesoma maneno ya ukutani.

"Na watoto?" Mama Vioo akauliza.

"Mama, jamani, si sasa!" wifi akasema.

"Nauliza sasa kwa sababu sasa ndipo watu wanasema kweli hapa. Watoto?"

"Wa kiume," Taratibu akasema, "kila atakayezaliwa, huenda akawa kama kaka yangu, huenda asiwe. Ni kama kurusha sarafu. Wa kike wanaweza kuwa kama mimi."

Mama Vioo akavuta pumzi. Hakufoka. Alimwongoza kidogo kidogo mpaka mlangoni, mkono wake mgongoni mwa yule binti kama mama yeyote, na pale kizingitini akasimama.

"Mpeleke hospitali," akamwambia Plasta. " Damu ya mtu si kitu cha kubishania. Lakini kabla hujatoka, binti, tazama chini. Unaona nini?"

Jua la alasiri lilikuwa limeingia chini chini. Sakafu yote ilikuwa inametameta. Kwenye nyufa za saruji, chini ya benchi, kwenye pembe, vijipande vidogo kama chumvi.

"Nimefagia sakafu hii tangu nilipokuja hapa bibi harusi. Asubuhi na jioni. Haifagiki. Huyu mwanangu alijifunza kutambaa juu yake. Magoti yake yalikuwa vidonda vitupu, na vilipona. Vya wako vitapona?"

Taratibu akaendelea kutazama chini.

"Sikuchukii. Ningekuchukia ningekuambia karibu."

*

Kwenye gari la kukodi walikaa nyuma. Plasta alikuwa ameubana mkono wa Taratibu kifuani, shati lote limeharibika. Dereva aliwatazama mara moja kwenye kioo cha juu, akaongeza mwendo, kisha kwa adabu akaongeza na sauti ya redio.

"Kwa hiyo zile siku ulizokuwa unasema una malaria," Plasta akasema.

"Haikuwa malaria."

"Na ile alama ya pajani? Ulisema meza ya studio."

"Ilikuwa meza. Meza inatosha."

"Mimi nilikuwa nakubeba mgongoni. Nakurusha juu kama mpira, pale mtoni. Ungeweza..." Hakumaliza.

"Nilikuwa napenda ukinirusha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini ulichora kile kioo bila kuniambia?"

"Kwa sababu nakupenda!"

"Haya," Taratibu akasema. "Umeshajibu yote mawili."

Akamwegemea. Alikuwa anasikia baridi, na kiti cha gari kilikuwa kinaenda mbali kidogo, kinarudi. Mikono ya Plasta haikulegea. Akawaza jambo ambalo lilimwogopesha kuliko kidonda. Mtu akikushika hivi, utajuaje kama amekushika kwa mapenzi, au kwa sababu akikuachia utamfia mikononi?

Hospitali walimjua. Daktari mwenye miwani hakuuliza mengi. Alisema "Mkono gani?" kisha "Dawa yake iko kwenye friji, kimbieni." Nesi mnene mwenye sauti ya kanisani akavuta pazia, akamgusa Plasta bega.

"Kaka, sasa unaweza kumwachia."

Hakumwachia.

"Kaka. Tunahitaji huo mkono."

Akaachia. Kidole kimoja baada ya kingine, kama vimeganda. Akageuza viganja vyake akavitazama. Chini ya damu yote ile palikuwa na mkato wake mwenyewe, chembe ya kioo kile kile ilikuwa imempitia alipokuwa akimbana. Ulikuwa umeshakauka zamani. Aliutazama mkato wake, akautazama wa Taratibu ambao nesi alikuwa anaukandamiza, na Taratibu akamwona akielewa. Si kwa masikio, kama kwenye gari, bali kwa macho. Uso wa Plasta ukatoka rangi.

Simu yake ikaita mfukoni. Yeye na Taratibu walijua ni nani.

"Nakuja," akasema. Hakumtazama. Akatoka nje ya pazia.

Pazia lilikuwa fupi. Taratibu, amelala ubavu, sindano mshipani, aliweza kuona viatu vyake, vile vya karakana vyenye soli nene. Vilisimama. Vilisogea kuelekea mlangoni. Vikasimama tena.

"Ndiyo, mama," sauti ya Plasta ilisema. "Ndiyo... Wanamwekea dawa... Nimesikia, mama. Nilikuwepo ulipomwambia."

Mama Vioo alikuwa anaongea huko, maneno mengi, na Taratibu hakuyasikia ila aliyajua yote. Nesi akaanza kuimba chini kwa chini, ili mgonjwa asisikilize.

"Nesi, tafadhali," Taratibu akasema. "Nyamaza kidogo."

Uzito ulihama kutoka kiatu kimoja hadi kingine.

"Mama," Plasta akasema. "Mama, nisikilize. Fagieni sakafu."

Kisigino kikagonga kigae.

"Najua haifagiki. Fagieni. Nitakuja nifagie mwenyewe. Nitang'oa hiyo saruji nimwage nyingine. Na ikishindikana nitahamisha meza, na meza ikishindikana nitahama mimi. Lakini leo fagieni."

Simu ikazimwa. Viatu vilikaa pale muda mrefu, ncha zake zikiwa zimeelekea mlangoni, mpaka Taratibu akafumba macho ili asivione vikiondoka.

Ndipo akausikia mlio. Mdogo, mkavu, juu ya vigae safi vya hospitali. *Krich*. Akafungua macho. *Krich*. Katika soli ya kulia, iliponaswa kati ya mifereji ya mpira, chembe ya kioo ilikuwa inametameta kila mguu ulipoinuka. Alikuwa ameileta kutoka nyumbani bila kujua, na angeileta hivyo hivyo kila siku ya maisha yao, hata afagie namna gani.

Mlio ulikuwa unamjia. Taratibu akajisogeza kando kidogo kitandani, akampisha nafasi ya kukaa.